Programu inasema hakuna anayetafuta mchele wangu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninauza mchele wa Kyela jijini Mbeya na nina tovuti ndogo. Nilipoandika "mchele super wa Kyela" katika Google Keyword Planner, programu inayokadiria neno linatafutwa mara ngapi Google, nilioneshwa sifuri. Je, niandike kurasa zote kwa Kiingereza?

JIBU: Marahaba. Usiandike upya kitu chochote kwanza. Programu hiyo iliundwa kwa ajili ya watangazaji, nayo hutoa makadirio ya wastani wa kila mwezi. Asiyelipia matangazo kwa kawaida huoneshwa viwango vipana tu, kama 10 hadi 100, hivyo neno linaloandikwa na watu wachache, hata wakiwa wanunuzi wa kweli, huweza kuonekana kana kwamba halipo. Hakikisha umechagua Tanzania kama eneo la utafutaji. Kisha fungua Search Console, programu nyingine ya Google ambayo ni ya bure, uone maneno yaliyowafikisha watu kwenye tovuti yako. Mteja wa jumla aliyeko Dar es Salaam haandiki kama sisi wauzaji: pengine huandika "bei ya mchele Mbeya leo", akitaka kujua gunia ni shilingi ngapi na nauli ni ya nani. Mimi ningeanza na ukurasa mmoja wa bei, wenye tarehe, unaohuishwa kila Jumatatu. Kiingereza kitasubiri wanunuzi wa ng'ambo, kama unao.