Pingu za Birmingham

Mwanangu Salma,

Barua yako nimeipata, na huku sote hatujambo. Unauliza kama ni kweli Houdini, yule mwanamazingaombwe wa kujinasua kwenye pingu na makufuli, alikufa maji ndani ya tangi, mbele ya watu, kama ulivyoona kwenye filamu. Si kweli. Alifia hospitalini Detroit, tarehe 31 Oktoba 1926. Kidole tumbo kilipasuka, usaha ukaenea, na enzi hizo viuavijasumu havikuwapo. Siku chache kabla, kule Montreal, mwanafunzi alimpiga ngumi za tumbo akiwa amejilaza, mguu umevunjika, hakuwahi hata kukaza misuli. Akapanda jukwaani Detroit na homa yake.

Aliyekufa kwa maji ni mwingine, Genesta, kule Kentucky mwaka 1930, akiiga mchezo wa kufungiwa ndani ya debe la maziwa lililojaa maji, alioanzisha Houdini mwaka 1908. Na hapo ndipo ungeniuliza: lile debe mtu hutokaje? Watazamaji walikodolea macho makufuli sita ya kifuniko. Kumbe makufuli hayaguswi kabisa. Ribiti za shingoni, yaani misumari inayoonekana kuishikilia, ni za uongo: aliye ndani huisukuma shingo nzima juu, ikang'oka pamoja na kifuniko na makufuli yake, akatoka, akairudisha. Debe la Genesta lilibonyea safarini, shingo ikakwama. Ndiyo maana husema, na utanisikia tena: kufuli hufunguliwa kabla hujafungwa. Kazi ni ukaguzi wa mchana, si ushujaa wa usiku.

Sasa mjomba wako haniachi nimalize bila kutaja zile pingu za Birmingham, na mpaka leo ubishi ule unanichoma. Tarehe 17 Machi 1904, ukumbi wa Hippodrome, London. Gazeti la Daily Mirror lilimletea Houdini ajinasue pingu za fundi Nathaniel Hart wa Birmingham, zilizosemekana kumchukua fundi huyo miaka mitano kuzitengeneza. Kufuli yake ni ya aina ya Bramah. Ufunguo wake ni bomba lenye mifereji ya vina tofauti, na kila mfereji unasukuma kipande chake ndani kwa kiasi chake. Kipande kimoja kikizidi au kikipungua unywele, haizunguki. Pingu za kawaida za enzi hizo, zenye springi, baadhi zilifunguka ukizigonga mahali pake, na ufunguo mmoja ulifungua za aina moja zote. Hizi hazikuwa hivyo.

Houdini akafungwa, akaingia nyuma ya pazia. Akachungulia aione kufuli kwenye mwanga. Akaomba mto, magoti yanauma. Akaomba afunguliwe avue koti. Mwakilishi wa gazeti akakataa, maana angeona ufunguo unavyofanya kazi. Basi akatoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akalichanachana koti lake vipande mbele ya umati! Baada ya saa moja na dakika kumi hivi alitoka, mikono huru, wakambeba mabegani.

Mjomba wako anasema Bess, mke wa Houdini, alimpenyezea mumewe ufunguo ndani ya glasi ya maji. Ufunguo wa inchi sita, Salma! Glasi gani hiyo? Nikamwambia, akacheka, akasema basi gazeti lenyewe lilikuwa naye. Hapo nilinyamaza, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu lina uzito: gazeti lilikuwa changa, lilianza mwaka 1903 tu, lilihitaji habari kubwa, na pingu zilitoka mkononi mwao. Kufuli hufunguliwa kabla hujafungwa. Nikishikilia hivyo, siwezi kumkana mjomba wako kabisa. Lakini pia, anayepatana na gazeti haombi mto wala hakai saa nzima akijitesa... au ndiyo hasa angekaa, ili watu waamini?

Nilitaka kukuambia moja kwa moja ni nani mkweli. Nikiangalia ile kufuli ya Bramah, moyo unaniambia hakuna fundi wa kuifungua gizani kwa mikono iliyofungwa. Nikiangalia saa moja na dakika kumi, unaniambia yupo. Mwulize mjomba wako kwanza anieleze glasi, halafu niandikie.

Mama yako