Pikapu ya dizeli inaishiwa nguvu mlimani

SWALI: Pikapu yangu ya mwaka 1998, dizeli isiyo na taabo, inalegea ikipanda mlima Kitonga kisha inazima taratibu. Ikipumzika dakika 10 inawaka vizuri. Fundi anataka kushusha pampu ya dizeli. Nikubali? – Msomaji, Iringa

JIBU: Usikubali bado. Gari inayolegea polepole na kufufuka ikipumzika mara nyingi inakosa dizeli: uchafu unavutwa kwenye chujio la ndani ya tangi, injini ikizima unadondoka. (Ingezima ghafla kama umegeuza ufunguo, tungeshuku solenoidi ya pampu, yaani vali ya umeme inayokata dizeli.)

Ikizima tena, fungua mfuniko wa tangi papo hapo. Ukisikia hewa inaingia kwa mluzi, kitundu cha kupumulia kimeziba. Kisha legeza koki chini ya filta ya dizeli, bonyeza kipampu cha mkono juu yake, kinga dizeli kwenye chupa ya kioo. Maji, kama yamo, yatatulia chini. Filta ambayo haijabadilishwa kwa kilomita 20,000, badilisha tu.

Kipimo cha uhakika ni dumu la lita 5 lenye dizeli safi. Lifungie imara mahali mbali na egizosti (bomba la moshi), ingiza humo mpira unaopeleka dizeli kwenye filta pamoja na ule wa marejesho (unaorudisha dizeli tangini), toa hewa kwenye njia ya dizeli, panda mlima uleule. Nguvu zikirudi, pampu ni nzima: shusha tangi, safisha chujio, kagua mipira na klipu. Zisiporudi na moshi ni mweusi, angalia eakilina (chujio la hewa) kwanza, halafu noziri zinazonyunyiza dizeli kwenye injini.