Kikao cha Ukoo na Dada Yangu

Nililelewa Igombe, Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, katika nyumba ya mjomba ambaye kila aliporudi kutoka mwaloni akiwa amelewa alinichapa kwa kipande cha kamba ya nyavu, hadi nikashindwa kulala chali. Nilipofikisha miaka 30 nilikuwa mlevi, usingizi umenipaa na presha imepanda, wala sikuwahi kudhani kwamba utoto wangu ulihusika.

Kumbe uhusiano huo umechunguzwa. Utafiti wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, uliofanyika San Diego, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba watu waliopitia aina 4 au zaidi za madhila utotoni walikabiliwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua iliyokuwa kubwa mara 4 hadi 12 kuliko ya wale ambao hawakupitia hata aina moja. Nasi si wachache: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, takriban robo tatu ya vijana wa Tanzania walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18.

Ndugu walipojua habari zangu waliitisha kikao. Nikaambiwa nimsamehe mjomba kwa kuwa ni mzee, na kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Tukala ugali kwa sato, nikarudi kwangu Igoma, nikanywa kuliko siku zote. Tangu hapo naamini kwamba familia inayotaka kumsaidia mtu wa namna yangu isianze na msamaha. Ianze kwa kumwamini, bila kumhoji kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

Dada yangu mkubwa, muuza dagaa wa Kirumba, hakuwa na hotuba. Kila jioni alipita kwangu akaniuliza kama nimekula, basi. Ndiye aliyenipeleka hospitali, akakaa nami kwenye foleni, akanisihi, "Mdogo wangu, mweleze daktari yote." Nawe mweleze wako, kwani dawa ya presha pekee haikunitosha. Kama anayeteswa bado ni mtoto, usingoje kikao: piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Mjomba alipofariki sikwenda msibani. Dada alikwenda, akayajibu maswali ya ndugu kwa niaba yangu, na jioni akapita kuniuliza kama nimekula.