Ufunguo wa Akiba Si Ruhusa ya Kuingia

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimejilaza sebuleni kwenye mkeka kwa sababu joto la chumbani lilinishinda. Saa nne asubuhi nikasikia ufunguo unazunguka kwenye kitasa. Naishi peke yangu. Kabla sijainuka vizuri mlango ulishafunguka, mama mwenye nyumba ndani, fundi bomba nyuma yake na mfuko wa spana begani. Nilikuwa na kanga moja tu mwilini.

"Mwanangu, kumbe upo? Nilijua uko kazini."

Nikamwamkia huku nakimbilia chumbani. Fundi, Mungu ambariki, aligeukia ukutani.

Bomba lilikuwa linavuja kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyetoa taarifa. Mama hakuja kwa ubaya. Lakini maneno yale yalinikaa moyoni siku nzima: aliingia kwa sababu alijua sipo. Nikaanza kukumbuka pazia nililoliacha wazi nikalikuta limefungwa, na sufuria iliyohama jikoni nikadhani nimesahau. Usiku ule niliegemeza kiti mlangoni ndipo nikapata usingizi.

Ndugu mpangaji, hasa wewe uliyelipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo kama tulivyozoea Dar es Salaam: ukishakabidhiwa funguo, pale ni kwako mpaka mkataba uishe. Jengo ni mali yake, sawa, ila anayesema "karibu" ni wewe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake. Haisemi lazima awe ameijenga mwenyewe. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa Tanzania Bara, inamtaka mpangishaji amwache mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti akae kwa utulivu, bila kubughudhiwa.

Mwenye nyumba naye ana haki zake, na tusimdhulumu. Anaweza kuja kukagua na kutengeneza, kwa wakati unaofaa. Maji yakifurika mpaka kwa jirani wa chini, au moshi ukitoka dirishani nawe hupatikani kwenye simu, afungue tu. Hata mimi ningemshukuru. Bomba linalodondosha tone moja moja wiki ya pili halimo humo. Linaweza kusubiri jioni.

"Wakati unaofaa" ni maneno mapana, ndiyo maana nawasihi mkubaliane mapema na muandike. Sisi husoma kwenye mkataba kiasi cha kodi na tarehe, basi, tunasaini huku dalali anatuharakisha. Ongeza mstari mmoja: mpangishaji atatoa taarifa angalau siku moja kabla ya kuingia, na ataingia mpangaji akiwepo au akikubali, isipokuwa dharura. Uliza pia funguo ziko ngapi na nani anazo. Mwenye nyumba mwema hatakataa. Anayekataa mstari huo amekuonyesha mengi kabla hujatoa hela.

Na kama ulishasaini bila hayo? Mimi ndivyo nilivyokuwa. Nilisubiri siku mbili hasira ishuke, kisha nikamfuata mama kwake, nikaketi, nikamweleza kwamba niliogopa. Sikumtajia sheria. Nilipotoka nikamwandikia ujumbe: "Shikamoo mama. Asante kwa mazungumzo. Kama tulivyokubaliana, fundi akihitajika naomba unipigie siku moja kabla ili niwepo." Akajibu, "Sawa mwanangu." Maneno hayo mawili bado nayatunza kwenye simu, kwa sababu mazungumzo ya mdomo husahaulika siku ya ugomvi.

Usibadilishe kitasa kimyakimya. Mwambie kwanza, gharama iwe yako, na kile cha zamani ukihifadhi ili ukirudishe siku ya kuhama. Akiendelea kuingia hata baada ya kuzungumza, andika tarehe na saa kila mara, kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa; mwenyekiti ataita pande zote mbili. Ikishindikana kuna baraza la ardhi la kata kwa usuluhishi, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wengi huishia kwa mwenyekiti.

Kwa mliopanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi: uani ni kwa wote na mwenye nyumba hupita atakavyo. Mpaka wako unaanzia kwenye kizingiti cha chumba chako, na hapo hodi inabaki hodi. Hata mtoto anafundishwa asiposikia "karibu" arudi.

Jihadharini zaidi mwezi wa mwisho, dalali anapoanza kuleta wateja. Nilipokuwa nahama niliwapa siku mbili, Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi, nami nikiwepo. Mmoja alitoa simu apige picha za kutangaza nyumba, kitanda changu na nguo vikiwa vinaonekana. Nikamwomba asubiri nje dakika tano, nikatoa vitu vyangu, ndipo nikamfungulia.