Wakala ameandika au wakala imeandika?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni msanidi programu hapa Arusha. Kampuni yetu imenikabidhi kitengo cha "mahusiano ya wasanidi", na kazi ya kwanza ni kuandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu programu za akili unde (AI) zinazoandika na kurekebisha programu nyingine, ambazo naziita *wakala*. Nimeuita "Kufanya Kazi na Wakala wa Kodi". Mwenzangu wa uhasibu aliposoma kichwa hicho aliniuliza tumeanza lini kushughulika na TRA, Mamlaka ya Mapato. Pia nababaika: wakala *ameandika* au *imeandika*?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwenzako alisoma sawasawa. Kodi ni ya nyumba au ya serikali, na wakala wa kodi ni mtu anayeshughulikia kodi kwa niaba ya mlipakodi. Mkiwa mezani semeni kodi mtakavyo, mkimaanisha *code* ya Kiingereza, yaani mistari inayoiunda programu, lakini kwenye maandishi tumia *msimbo*.

*Wakala* umelichagua vizuri, nami nalipenda kuliko *msaidizi*. Lina asili ya Kiarabu, na ukoo wake ni wakili, wakilisha na tawakali. Ndani ya maneno yote hayo mna kukabidhi: unampa mwingine jambo lako alitende kwa niaba yako. Programu hizi ndivyo zifanyavyo. Hufungua mafaili ya mradi, huandika, huendesha majaribio, na yakishindwa hurudi kurekebisha.

Sasa upatanisho, ambao ndio kiini cha swali lako. Kiswahili hupima uhai kabla ya umbo la neno. Kifaru wa Ngorongoro *amekimbia*, kifaru cha jeshi *kimekwama*. Panya *amekula* mahindi, kipanya cha kompyuta *kimeharibika*. Sanamu, hata ikiwa na macho na pua kama mtu, *imechongwa*. Kwa kipimo hicho mimi naandika *wakala imeandika*, na kwa wingi *wakala zimeandika*. Si ugeni, maana tumekwisha kuzoea "Wakala za Serikali". *Mawakala* na *wameandika* tuwaachie watu, wale wanaotutolea pesa za simu kila mtaa.

Wapo watakaosema *ameandika* kwa sababu programu yenyewe hujibu kama mtu. Nawaelewa, ila sikubaliani nao, na sababu yangu imo katika viunganishi *na* na *kwa*. Tunasema: nyama imekatwa *na* Juma *kwa* kisu. *Na* humtaja mtenda, *kwa* hutaja kitumizi. Ukiandika "msimbo umeandikwa na wakala", Juma aliyeituma ametoweka. Siku mfumo ukiwakata wateja fedha mara mbili, nani ataulizwa? Andika "msimbo umeandikwa na Juma kwa kutumia wakala", na kila msomaji ajue ni nani aliyepaswa kuukagua kabla haujawafikia wateja. Hili nakuomba ulishike kuliko mengine yote.

Hukuniuliza, lakini katika rasimu uliyoambatisha umeandika "maneno anayopewa wakala", nayo unayaita *madokezo*. Hapo umeteleza, hata upatanisho umekuponyoka: ni maneno *inayopewa*. Kudokeza ni kugusia na kumwachia msikilizaji ajaze mwenyewe, na wakala itajaza kweli, kwa namna usiyoitaka. Sema *agizo*. Mtu anayeagiza mzigo hutaja aina, kiasi na mahali pa kuufikisha. Mfano wako, "Boresha sehemu ya malipo na hakikisha inafanya kazi vizuri", una vitenzi viwili vilivyochoka. Kuboresha nini, wepesi au usalama? Kuhakikisha kwa kipimo gani? Linganisha na hili: "Katika faili la malipo, kataa kiasi kilicho chini ya shilingi 500. Usiguse jedwali la wateja. Ongeza jaribio la shilingi 499 na la 500, kisha endesha majaribio yote." Hapa pana mahali, kazi, mpaka na dalili ya kumaliza. Kiswahili chepesi cha kuamuru, chenye *usi-* palipo na katazo, kinatosha kabisa. Usipambe.

Kuhusu kitengo chako: "mahusiano ya wasanidi" husomeka kama mahusiano ya wao kwa wao. Kampuni inataka kuwa karibu nao, isikilize wanapokwama, iwaandikie miongozo na mifano inayofanya kazi wanapoijaribu. Basi kiite *Kitengo cha Uhusiano na Wasanidi Programu*. Na huo *na* uufuate katika mkakati wenyewe: kabla ya kuchapisha, wape wasanidi watatu wa nje ya kampuni rasimu yako, uwatazame wakiitumia, uandike kila neno wanaloliulizia maana.

Kichwa cha mwongozo kiwe "Kufanya Kazi kwa Kutumia Wakala ya Kuandika Msimbo". Hiyo *kwa* nimeiweka makusudi.