Kabla ya Kutupa Ndoano, Yajue Maji

Swali la wiki hii lilikuwa hili: mkazi wa Arusha mwenye Jumapili moja na nauli ya kawaida aende wapi karibu na mji kupumzika na familia, na je, anaweza kurudi na samaki? Hapo kuna maswali mawili, na Jumapili za wengi huharibika kwa kuyachanganya. Huku kwetu maji ya kutazama na maji ya kuvulia mara nyingi si maji yaleyale.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Mlima Meru ni volkano, na mawe yake huachia floridi na chumvi za magadi kwenye chemchemi na visima. Ndiyo maana meno ya kahawia yako Usa River, Maji ya Chai na Ngarenanyuki kizazi baada ya kizazi. Kwa msafiri wa siku moja, hii ina maana ya jambo dogo lisilohitaji mjadala: beba maji ya kunywa kutoka nyumbani, lita 2 kwa kila mtu mzima. Usiseme utachemsha ya pale. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haiondoki. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki huwa kali zaidi. Kinachoipunguza ni chujio la mkaa wa mifupa, na hilo hulipati kando ya ziwa.

Tuanze na pazuri kuliko pote kwa macho, Hifadhi ya Taifa Arusha. Ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, kisha mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa na jina likabadilika. Unapita Usa River, unakunja kushoto kuelekea lango la Ngurdoto. Twiga utawaona, nyati utawaona, na mbega wenye mikia mirefu myeupe wako msituni kuelekea kreta. Kreta yenyewe, yaani shimo la volkano ya kale, hutazamwa kutoka ukingoni tu, hairuhusiwi kushuka. Mbele zaidi ndipo yalipo maziwa ya Momella. Ni maji ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake kwa sababu kiasi cha chumvi hutofautiana na mwani unaoota humo nao hutofautiana. Flamingo, au heroe kwa jina lake la zamani, hufuata mwani huo. Hapo acha ndoano nyumbani. Kwanza ni ndani ya hifadhi ya taifa, pili haya si makazi ya perege wa sahani yako.

Kinachowakwamisha watu langoni ni malipo na usafiri. Malipo hupita kwa namba ya kumbukumbu au kadi, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio kabla hujaondoka mjini, na usitegemee noti mfukoni. Beba kitambulisho cha taifa, maana ada ya Mtanzania na ya mgeni zinapishana sana. Bodaboda haikutembezi humo ndani. Familia tatu zikichangia gari moja, gharama inakuwa ya kibinadamu. Ukitaka kutembea kwa miguu inawezekana, lakini kwa kusindikizwa na askari mwenye silaha, na hilo lipange mapema asubuhi.

Sasa samaki. Kwa mtu wa Arusha asiye na gari, jibu langu ni Ziwa Duluti, pale Tengeru, takriban kilomita 13 kutoka mjini kwa barabara ya Moshi. Panda daladala ya Usa River, shuka Tengeru, halafu ni mwendo wa miguu au bodaboda fupi. Ni ziwa la kreta, halina mto unaoingia wala unaotoka, lakini maji yake yanabeba perege na kambale. Msitu unaolizunguka uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Njia ya miguu inazunguka ziwa, na bila haraka unaimaliza kwa saa moja hadi mbili. Kenge wakubwa hujianika kwenye magogo, mdiria huchupa majini kama jiwe. Asiyetaka kuvua hachoki pale.

Epuka Jumatano na Jumamosi kama hupendi foleni, kwani ndizo siku za soko la Tengeru. Kama unapenda, panga safari siku hizohizo, urudi na ndizi na parachichi.

Langoni uliza swali moja kabla hujafungua mkoba: leo kuvua kunaruhusiwa, na upande gani? Tiketi ya kuingia msituni si ruhusa ya kuvua. Uvuvi una sheria yake, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na leseni unaiulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Watu hunyang'anywa vifaa si kwa ubaya wao, ila kwa kudhani tiketi moja inatosha yote. Chandarua, sumu na baruti hata usiviwaze.

Vifaa vya perege ni vya bei ndogo, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kununua vikubwa. Perege ana mdomo mdogo. Kwenye ndoano za kawaida namba ikipanda ndoano inapungua. Chukua namba 10, au 8 kama ziwa lina wakubwa. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.25 unatosha. Mwanzi mkavu wa mita 3, mshipi wa urefu uleule, basi. Boya likate kutoka kwenye ndala iliyochakaa, kipande kisichozidi kifundo cha kidole gumba, ukitoboe katikati na kukibana kwa njiti ya kiberiti ili uweze kukipandisha na kukishusha. Chini yake weka kijirisasi kidogo, sentimita 15 juu ya ndoano.

Kisha lijaribu boya ukingoni kabla ya kutupa. Likikaa lote juu ya maji ni kubwa mno kwa uzito ulioufunga: perege akivuta anahisi kitu kinamzuia, anatema. Punguza ndala kidogo kidogo kwa wembe mpaka ibaki ncha tu juu ya maji. Dakika tano za kazi hii zina faida kuliko saa nzima ya kubadilisha sehemu.

Chambo ni ugali. Ugali mtupu huyeyuka, kwa hiyo ukiwa bado wa moto ukande na unga wa ngano, sehemu moja ya ngano kwa tatu za ugali, mpaka ushikane bila kunata vidoleni. Donge liwe kama punje ya hindi, lifunike ncha ya ndoano. Nyungunyungu pia wanafaa, kipande cha sentimita 2, si mnyoo mzima, la sivyo perege atakula mkia na kukuachia ndoano tupu. Tupa konzi ya pumba palepale unapovulia, subiri robo saa, rudia nusu konzi kila baada ya nusu saa. Ukimwaga nyingi, unawashibisha.

Anza na kina cha mita moja kando ya matete. Perege haanzi kwa kuzamisha boya. Analitetemesha, linatulia, linatetemeka tena. Huo ni mdomo unaonja. Anayevuta hapo anavuta maji. Ngoja boya liteleze upande au lizame lote, ndipo inua mkono mara moja, kwa kifundo na si kwa bega. Jua likiwa mgongoni kivuli chako huanguka majini na samaki hukimbia, basi kaa chini au sogea.

Saa ya kuvua inategemea mwezi. Perege ni wa maji ya joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anakula kwa uvivu. Juni hadi Agosti, Arusha ikiwa na mawingu na baridi, kuwahi saa kumi na mbili asubuhi ni kujitesa bure. Njoo saa nne, jua likishapasha maji ya pembeni. Januari na Februari geuza: asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kingo za kreta huteleza, na watoto wasikaribie maji.

Hilo la baridi ndilo linaloeleza pia kwa nini mabwawa ya kufugia perege huku milimani hukuza samaki polepole. Ukitafuta bwawa la mtu linaloruhusu kuvua kwa malipo ya kilo, ulizia maeneo ya chini, Usa River au tambarare za Moshi, kabla ya Ilboru au Marangu. Kwa mtoto anayejifunza, bwawa la kufugia ni bora kuliko ziwa lolote: kina kinajulikana, mwenyewe yupo, na samaki wapo.

Kambale ni habari nyingine. Hula chini kabisa na hasa giza likiingia, saa ambayo msituni umeshatakiwa kutoka, kwa hiyo usimpange kwa Duluti. Ukimpata kwa bahati mchana, tahadhari na miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Ina meno kama msumeno, na ikichoma kidonda hukawia kupona. Mfunike kwa kitambaa kibichi, mshike nyuma ya miiba, na usidhani amekufa kwa kuwa ametulia, maana anapumua hewa na atajiburuta kurudi majini.

Mto Themi unaopita katikati ya jiji nauacha nje kabisa. Unabeba maji ya mitaa na karakana. Kaa bustanini kando yake ukipenda, samaki usile.

Wanaoweza kufika upande wa Kilimanjaro wana Chemka, chemchemi ya Kikuletwa, unayoingilia Boma Ng'ombe. Maji ni vuguvugu na maangavu, mizizi ya mikuyu imeshika kingo. Ni pa kuogelea, si pa kuvua. Visamaki vidogo vitakudonoa miguu na hilo ndilo pekee la uvuvi. Ajali hutokana na mizizi inayoteleza na watu kuruka kwa kamba wakiwa wameshakunywa. Jumapili pamejaa, Jumanne asubuhi utadhani ni pengine.

Moshi mjini kuna Msitu wa Rau, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, wenye mivule mirefu na mti uitwao msoo ambao ni adimu mno duniani. Baiskeli inatosha. Lakini msitu huo unapakana na mashamba ya mpunga, na mifereji yake ndiyo mahali pa kuwa na adabu na kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono jua likipanda, wengi zaidi mchana, na hupenya ngozi isiyo na hata mchubuko. Vaa gambuti. Aliyekwisha kutumbukia asikimbilie dawa kesho yake, kwani prazikwanteli haiwawezi minyoo wachanga. Aende kupima baada ya wiki 6 hadi 8.

Mvuvi hasa atauliza Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, linalopokea Kikuletwa na Ruvu. Samaki wako, na ndiko wanakotoka perege wengi wa masoko ya Moshi. Ila uvuvi hufungwa pale kwa vipindi ili samaki waongezeke, kwa hiyo piga simu halmashauri kabla ya kulipa nauli, na usiingie majini. Ziwa Chala nalo lina kingo zilizosimama kama ukuta. Mwaka 2002 mamba alimuua msichana aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya. Lina pia perege asiyepatikana kokote duniani ila humo, na yuko hatarini kutoweka. Yule hastahili ndoano ya mtu wa starehe.

Popote utakapovua, mtazame perege kooni kabla ya kumtia ndooni. Jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, na wakati huo hali kitu, ndiyo maana ndoano humpata mara chache na nyavu ndizo zinazommaliza. Ukiona taya la chini limevimba kama mtu aliyejaza maji, usimbane. Lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa bado ndani ya maji, mwachie. Akiwa ameshatema vifaranga ndani ya ndoo, mwaga ndoo yote palepale kwenye matete, si katikati ya ziwa, maana vitamfuata mama kwenye maji ya kina kifupi.

Wa kubeba nyumbani apasuliwe ndani ya nusu saa, matamvua na utumbo vitolewe vyote, asuuzwe kwa maji uliyokuja nayo, kisha afungwe kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, chini ya kikapu, mbali na jua la kioo cha daladala. Taka za samaki zirudi nawe kwenye mfuko. Zikiachwa ukingoni huwaita kenge na nyani, na wiki ijayo atakayeporwa chakula mkononi ni mtoto wa mtu mwingine.