Mipaina Yangu 1,500 na Swali Ambalo Sikuliuliza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Boma Ng'ombe aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina ekari mbili huku chini, nataka nipande paina kama wenzetu wa Mafinga, Iringa. Miche napata wapi?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mwaka 2014 niliuliza hivyo hivyo.

Kihamba chetu, shamba la ukoo, kiko Kibosho kwenye mteremko wa Kilimanjaro, migomba na kahawa. Shamba la tambarare liko chini kabisa ya Moshi mjini, kule wazee walikoshuka kulima mahindi. Desemba ile jirani yetu alipanda mlimani na gari jipya, akasema ni mbao za Mafinga. Anayeijua Desemba ya Uchagani, tunaporudi wote nyumbani, anajua gari jipya linavyotazamwa. Mimi sikulala. Januari nikakopa, Machi nikapanda ekari tatu, mita tatu kwa tatu, karibu miche 450 kila ekari, na iliyobaki nikaiweka ya kurudishia. Nikapiga picha, nikawatumia shemeji zangu wote. Hiyo picha bado inaniuma.

Agosti miche ikawa ya njano. Mchwa wakaja. Mwaka wa pili ikabaki 61, mrefu kuliko yote ukinifika kifuani. Nikamlaumu aliyeniuzia miche, nikamlaumu kijana wa kumwagilia mpaka akaacha kazi. Nilimwomba radhi baadaye, lakini hakurudi.

Aliyenifungua macho ni bwana misitu mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu baba. Hata majani hakuyatazama. Aliniuliza tu, "Huu mti kwao ni wapi?" Nikajibu, Mafinga. Mzee alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Mafinga paina ni mgeni kama alivyo mgeni Moshi. Hii tunayopanda kwa wingi, Pinus patula, kwao ni milima ya Mexico, juu kwenye baridi na ukungu. Mafinga iko juu na kuna ubaridi, ndiyo maana mti ukakubali. Duniani kuna zaidi ya aina 100 za misonobari, yaani paina, na ya asili inayovuka ikweta kuja kusini ni moja tu, iko Sumatra. Hata saipresi tunayoikata matawi ya Krismasi na kuifanya ua imetoka huko huko Mexico na nchi za jirani yake. Mimi nilidhani ni mti wa babu!

Kisha mzee akang'oa mche mmoja, akanionesha mizizi mitupu. Paina huishi na uyoga wa ardhini unaoshikana na mizizi yake na kuisaidia kufyonza chakula. Ndiyo sababu wenye vitalu huchota udongo chini ya mipaina mikubwa na kuuchanganya kwenye viriba. Miche yangu ilikosa baridi, ikakosa na huyo mwenzake.

Mwezi uliofuata alinipeleka Kilimanjaro Magharibi, na siku ile ndiyo iliyonigeuza. Upande wa magharibi na kaskazini mvua ni haba kuliko kwetu Kibosho, na huko ndiko uliko mtarakwa, mti wetu wenyewe. Ni mnene, gome linachanika nyuzinyuzi, matawi yamening'iniza ndevu za kuvu. Mitarakwa ya aina nyingine zote duniani iko kaskazini mwa ikweta. Huu peke yake ndio umevuka kwa asili, kutoka Uarabuni kupitia Ethiopia hadi Zimbabwe. Mchwa hawaupendi, ndiyo maana nguzo zake zinadumu. Palipo na unyevu zaidi kuna podo, nao ni wa kundi moja na paina na mtarakwa, ingawa majani yake si sindano kama ya paina. Podo ina miti dume na miti jike, na mbegu zake husambazwa na ndege na nyani. Nilikuwa na miaka 38, nimezaliwa chini ya mlima huu, na nilikuwa sijawahi kuigusa miti hiyo.

Sasa nina mitarakwa 40 Siha, upande huo huo wa magharibi, kwenye kipande nilichonunua kwa shida. Inakua polepole, na jirani wa gari ananicheka. Acha acheke. Yote 40 iko hai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kutoa hela uliza mti kwao wapi. Uliza kuna baridi gani, mvua gani, udongo gani. Halafu uliza tena kwao wapi. Tumezoea kuiga mafanikio ya mtu bila kuitazama ardhi aliyosimama, na hilo si la miti tu. Kule tambarare nimeiacha migunga ijiotee. Pale ni kwao, na mbuzi wanashukuru.

Haya yote nilimwandikia msomaji wangu, ujumbe mrefu kweli. Alijibu baada ya dakika mbili: "Asante sana kaka. Sasa hiyo miche ya mtarakwa napata wapi?"

Boma Ng'ombe, huku chini! Nimemwambia asinunue kitu, Jumamosi nakuja kuliona shamba.